Kwa nini karatasi mbili za picha zenye namba moja ya mng'ao hazifanani

Mama wa bibi harusi aliiweka albamu juu ya kaunta, akaifungua ukurasa wa nane na wa tisa, akaniambia, "Mwanangu, hizi karatasi si moja."

"Ni karatasi ile ile, mama. Ila zimetoka kwenye maboksi mawili."

Hakubishana. Aliinua albamu usawa wa macho, akaigeuza taratibu kuelekea tyubu laiti iliyoning'inia darini. "Tazama. Huku taa imenyooka. Huku imetetemeka."

Nilikuwa nimeshazipima karatasi zote mbili kwa mita ya mng'ao kabla ya kuchapisha, na tofauti haikufika hata uniti moja. Kwa mita, karatasi zilikuwa sawa. Kwa macho ya yule mama zilikuwa mbali kabisa, na nilipoinama nikatazama pale alipotazama yeye, nikaona anachokisema: kwenye ukurasa wa nane tyubu ilijichora kama rula, na kwenye ukurasa wa tisa kingo zake zilikwenda kama uzi uliolegea. Nilichapisha albamu upya, kurasa zote kutoka boksi moja. Baada ya hapo nikakaa chini kutafuta mita yangu ilikuwa inapima nini hasa.

Mita ya mng'ao ni kiboksi kinachoenea kiganjani. Chini yake kuna tundu. Ukikilaza juu ya karatasi, taa ndogo iliyomo ndani hurusha mwanga kwa pembe maalumu, na upande wa pili kihisio hupokea mwanga uliodunda kwa pembe hiyo hiyo. Pembe huhesabiwa kuanzia mstari wima unaosimama juu ya karatasi, si kuanzia kwenye karatasi yenyewe. Kwa hiyo nyuzi 20 ni kama kuitazama picha karibu kutoka juu, na nyuzi 85 ni kuitazama ukiwa umelaza jicho karibu sawa na meza.

Namba inayotokea kwenye kioo cha mita si asilimia, na hapa wengi hupotea. Ni ulinganisho na kipande cha kioo cheusi kilichosuguliwa hadi kikawa laini kabisa, chenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.567. Kinakuwa cheusi ili mwanga unaopenya ndani umezwe, ubaki ule tu uliodunda juu ya uso. Kioo hicho kimepewa namba 100 katika kila pembe, lakini mwanga kinaourudisha haulingani kabisa kati ya pembe na pembe. Kwa nyuzi 60 hurudisha takriban asilimia 10 tu ya mwanga uliokipiga. Kwa nyuzi 20 hurudisha kama asilimia 5. Kwa nyuzi 85 hurudisha takriban asilimia 62. Zote hizo huitwa 100. Ndiyo maana kioo cha kujitazamia, ambacho nyuma kina madini yanayorudisha karibu mwanga wote, kinaweza kusoma mamia ya uniti kwa nyuzi 60, na hakuna aliyekosea hesabu.

Kwa nini basi kuwe na pembe nyingi? Chukua karatasi ya kawaida ya fotokopi, ambayo hakuna mtu angeiita ya kung'aa. Ilaze kiganjani, uinue mkono hadi usawa wa jicho, utazame dirisha kupitia uso wake. Karibu na ukingo wa mbali utaona mng'ao. Karatasi haijabadilika, jicho ndilo limelala.

Kanuni inayoeleza jambo hili inabeba jina la Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza. Inasema kwamba uso ni laini au ni wa kukwaruza kulingana na pembe unayoutazamia. Ukichukua mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550, uso unaotazamwa kwa nyuzi 20 huonekana laini iwapo vilima vyake havizidi takriban nanomita 73. Kwa nyuzi 60 vinaruhusiwa kufika kama 140. Kwa nyuzi 85 vinaweza kukaribia 790, na mwanga bado ukavipita kana kwamba havipo. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo tunazungumzia vilima ambavyo kidole hakiwezi kuvihisi.

Ndiyo sababu mafundi hupewa utaratibu wa kuanza na nyuzi 60. Ikisoma zaidi ya 70, hamia nyuzi 20, kwa kuwa pembe hiyo ni kali na itatenganisha glosi, yaani karatasi za kung'aa, na glosi. Ikisoma chini ya 10, hamia nyuzi 85, ili mati, zile zisizong'aa, na mati zipate kuachana. Utaratibu huo ulikuja kutoka kwenye rangi na vanishi. Watu wa viwanda vya karatasi wana pembe yao ya siku nyingi, nyuzi 75, iliyomo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 8254-1, na kioo chao cha kulinganishia kina kipimo cha 1.540, si 1.567. Kwa hiyo mtu akikuambia karatasi yake ina mng'ao wa 60, hajakuambia kitu bado. Ni kama kutajiwa bei ya elfu tano bila kuambiwa ni shilingi ya Tanzania au ya Kenya.

Kabla ya kurudi kwenye albamu, inafaa kujua mng'ao wenyewe unatengenezwaje. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa.

Karatasi nyingi za studio, zile za kuoshwa kwa kemikali, ndani ni karatasi iliyofunikwa pande zote mbili kwa polithini. Polithini hiyo humwagwa juu ya karatasi ikiwa imeyeyuka, kisha papo hapo hubanwa kwenye rola la chuma linalopozwa. Inagandia pale pale, ikiwa imechukua sura ya rola. Rola lililosuguliwa kama kioo huzaa glosi. Rola lililochorwa vijipele huzaa lasta, au ile ya hariri yenye vidoti vya mpangilio. Tabaka za kemikali zinazobeba picha hupakwa juu ya uso huo nao huufuata. Kabla ya enzi ya polithini ilikuwepo karatasi yenye tabaka la bariamu salfeti na jelatini. Mpiga picha aliyetaka mng'ao mkali aliibandika picha ikiwa mbichi, uso chini, kwenye bamba la chuma lililong'arishwa, akangoja. Ikikauka ilijibandua yenyewe, nayo imeng'aa kama bamba. Baadhi ya karatasi za printa za wino hutengenezwa kwa njia inayokaribiana na hiyo: tabaka bichi hubanwa kwenye pipa la kromu lenye joto. Na zile printa za joto zinazotoa picha za pasipoti mjini, baada ya kupita njano, majenta na samawati, hupitisha tabaka la nne lisilo na rangi. Kichwa cha printa kikilipasha joto sawasawa unapata glosi; kikilipasha kwa kupanda na kushuka unapata mati, kutoka kwenye rola moja la karatasi.

Ukitazama vizuri, karibu katika njia zote hizi uso wa picha ni nakala ya kitu ulichokigusa wakati ungali laini. Na nakala ina siku zake. Nyuzinyuzi za karatasi iliyo chini zikiwa zimekusanyika hapa na kupwaya pale, uso wa juu hubaki na mawimbi mapana sana, mafupi sana kwa kimo, ambayo hata ukipitisha ukucha huyasikii.

Mawimbi hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye boksi langu la pili. Swali ni kwa nini mita iliyapita.

Jibu limo ndani ya dirisha la mita. Kihisio hakipokei mwanga kutoka kwenye nukta moja, kina upana wake. Kwa pembe ya nyuzi 60, kiwango kinaruhusu dirisha la nyuzi 4.4 kwa 11.7. Sasa chukua wimbi dogo kwenye karatasi, lenye mteremko wa nusu uzi tu. Mwanga unaodunda kwenye mteremko huo hupotoka mara mbili yake, yaani uzi mmoja. Uzi mmoja ndani ya dirisha la nyuzi 4.4 si kitu. Mwanga bado unaingia, kihisio kinauhesabu, namba haishuki. Lakini mfikirie yule mama chini ya tyubu iliyo mita mbili kutoka kwenye albamu. Kwa umbali huo, kupotoka kwa uzi mmoja ni kuhama kwa takriban sentimita 3.5. Tyubu ya kawaida ya kisasa ina unene wa kama sentimita 2.5. Maana yake, mahali palipo na wimbi, taswira ya tyubu imehama zaidi ya unene wake wote. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu ya 60 ya uzi mmoja. Kwake huo si mtetemo mdogo, ni mkunjo ulio wazi.

Mita iliuliza: mwanga kiasi gani umefika upande ule? Mama aliuliza: umefika ukiwa na umbo gani? Ni maswali mawili, na boksi zangu mbili zilikuwa na jibu moja kwa lile la kwanza na majibu mawili kwa la pili.

Jambo hili si geni. Mwaka 1914 L. R. Ingersoll wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alishatengeneza kifaa cha kupima mwako wa karatasi kwa kutumia mwanga uliochujwa ukabaki unatikisika upande mmoja. Na mwaka 1937 Richard S. Hunter, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya taifa ya viwango huko Washington, aliandika kwamba kile tunachokiita mng'ao kwa neno moja ni mambo sita. Kuna ukali wa mwanga unaodunda. Kuna mng'ao wa kutazama kwa kulala, ule wa karatasi ya fotokopi. Kuna tofauti kati ya sehemu iliyowaka na sehemu iliyo pembeni yake. Kuna kutokuwepo kwa ukungu kuuzunguka mwako. Kuna ukali wa taswira inayoonekana ndani ya uso. Na kuna usawa wa uso wenyewe, usiwe na vijipele wala mawimbi. Mita yangu ya nyuzi 60 inapima la kwanza tu. Nafikiri kama watengenezaji wangeandika kwenye boksi hata mawili kati ya hayo sita, kesi nyingi za wateja zingekwisha kabla ya kuanza.

Ukungu nao naupa uzito wake, kwa sababu unaharibu picha kimyakimya. Washa taa ndogo, itazame ikijionyesha kwenye karatasi nzuri ya glosi: mwako mmoja mkali na pembeni giza. Kwenye karatasi yenye vikwaruzo vidogo mno, mwako ni ule ule, lakini umezungukwa na weupe kama maziwa yaliyomwagikia maji. Vipimo vyake huchukuliwa hatua chache kando ya pembe ya mwako, kwa mfano nyuzi 2, ambapo uso safi usingepeleka mwanga wowote.

Ukali wa taswira una kifaa chake, na mimi nakipenda kwa urahisi wa fikra yake. Mwanga mwembamba hudundishwa kwenye karatasi, kisha hupitishwa kwenye kitana chenye meno na nafasi zilizolingana, upana wa milimita 2, 1, 0.5, 0.25 hadi 0.125. Kitana kinasogezwa. Taswira ikiwa kali, mwanga unapita wote au unazuiwa wote, jino kwa jino. Taswira ikiwa imefifia, unapita nusunusu muda wote, hata kitana kikiwa wapi. Tofauti kati ya juu na chini inageuzwa kuwa alama. Kwa mawimbi mapana zaidi kuna vifaa vya watu wa magari, maana mafundi rangi waliijua shida hii zamani na kuiita ganda la chungwa: rangi inang'aa kweli, lakini mlingoti wa taa ukijitazama ubavuni mwa gari unapindapinda. Vifaa hivyo hupitisha mwanga wa leza sentimita kadhaa, kisha hugawa mawimbi kwa urefu, kuanzia sehemu ya kumi ya milimita hadi milimita 30.

Kuna kisa cha upande wa pili pia. Karatasi ya lasta na karatasi ya nusu mati zinaweza kusoma namba inayokaribiana kwa nyuzi 60, na bado mtoto akazitofautisha. Itazame lasta kwa kikuza: kila kijipele ni laini na kina mwako wake mdogo juu, kama shanga. Nusu mati haina shanga. Mwanga umesagwa na vilima vidogo kuliko kikuza chako kinavyoweza kuonyesha. Kwa lasta mwanga umegawanywa, kwa nusu mati umepondwa. Mita inaona tu kwamba haukufika.

Mpaka hapa nimezungumzia karatasi tupu. Ukishachapa, hesabu inaanza upya, hasa kwenye printa za wino wa pigmenti, ambao chembe zake hukaa juu ya karatasi badala ya kuzama. Sehemu iliyojaa wino inakuwa na uso mmoja, sehemu nyeupe isiyo na wino ina uso mwingine. Ukiinamisha picha, shela ya bibi harusi inafifia wakati suti ya bwana harusi inawaka. Printa nyingine huwa na wino wa ziada usio na rangi wa kufunika sehemu nyeupe ili zilingane. Wakati mwingine nyeusi hupiga rangi ya shaba ukiitazama kwa kulala, kwa sababu chembe zenyewe hurudisha mwanga wenye rangi. Mita ya kawaida haina habari na rangi ya mwako. Kwa hiyo siku hizi napima mahali pa weupe, pa kijivu na pa weusi, na kila mahali napima karatasi ikiwa imelala urefu kisha upana, maana karatasi ina mwelekeo iliotokea nao kiwandani.

Mng'ao pia ndio unaoamua weusi utakuwa mweusi kiasi gani, na hili ningetamani kila mteja anayeuliza "glosi au mati?" alijue. Uso wowote wa jelatini au plastiki hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga kutoka juu, picha iwe nyeusi namna gani chini yake. Karatasi ya glosi huipeleka hiyo asilimia 4 upande mmoja. Ukisimama pembeni haikufikii, na weusi unaweza kushuka chini ya asilimia 1. Uso unaotawanya kila upande hukuletea mwanga huo popote usimamapo. Kwa densiti, kipimo cha weusi ambacho namba yake hupanda kadiri weusi unavyozidi, asilimia 4 ni 1.4 na asilimia 1 ni 2. Kwa mpiga picha, pengo hilo ni tofauti kati ya suti nyeusi na suti ya kijivu kizito. Gharama yake ni kwamba kwenye glosi kuna pembe moja ambayo huoni picha, unaona taa.

Wahifadhi wa makumbusho wamelipeleka swali la uso mbali kuliko sisi wa madukani. Paul Messier, mhifadhi wa picha wa Marekani, alikusanya sampuli za maelfu ya karatasi za picha za zamani, mkusanyiko ambao sasa uko Chuo Kikuu cha Yale. Yeye pamoja na Richard Johnson wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao walizipiga picha kwa karibu, eneo la kama sentimita moja, taa ikiwa imelazwa ubavuni ili kila kilima kidogo kitoe kivuli. Vivuli hivyo vikalinganishwa kwa kompyuta. Karatasi mbili zilizotoka rola moja huwa na vivuli vya ukoo mmoja, na kwa njia hiyo picha isiyo na tarehe inaweza kupata ndugu zake. Njia nyingine, iliyobuniwa na Tom Malzbender na wenzake katika maabara za Hewlett-Packard na kutangazwa mwaka 2001, huiacha kamera pale pale na kuhamisha taa kila upande. Kompyuta hujifunza jinsi kila nukta ya uso inavyojibu mwanga, kisha wewe unaisogeza taa kwenye skrini na kuona picha ikiwaka na kuzima kana kwamba unaigeuza mkononi. Hicho ndicho alichokifanya mama wa bibi harusi kwa viganja viwili.

Sisi wa pwani tuna kipimo chetu cha uso, ingawa hatukukitaka. Unyevu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hulainisha jelatini ya picha za zamani. Picha iliyowekwa kwenye fremu ikigusa kioo moja kwa moja, bila kadibodi ya kuitenga, jelatini iliyolainika hujibandika kwenye kioo. Nyumbani kwetu ipo ya bibi, alipigwa ameketi kwenye kiti cha mkono. Ukiitazama kwa mbele huoni kasoro. Ukiiinamisha, unaona mabaka yenye kingo kama visiwa kwenye ramani: ndani ya baka ni weusi mzito bila mwako wa picha, kwa kuwa jelatini na kioo zimekuwa kitu kimoja, nje ya baka kuna mwako wa picha na mwako wa kioo, mmoja nyuma ya mwingine. Mahali palipowahi kushika kisha pakaachia pamebaki pakiwaka kuliko pengine pote, kwa sababu pamechukua sura ya kioo, kama vile karatasi changa inavyochukua sura ya rola.

Picha kama hiyo usiibandue. Tabaka lenye sura ya mtu ndilo lililoshika, na ukivuta, ndilo litakalobaki kwenye kioo. Iache ndani ya fremu, izimie taa za juu, weka taa mbili ubavuni kwa nyuzi 45, uipige picha kupitia kioo hicho hicho.